Mafuta Hayavuji Yenyewe

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hawakutueleza ni nani aliyeyamwaga, na yamkini hawakuona haja ya kufanya hivyo, kwa maana katika boma la zamani aliyemwaga maji alijulikana na watu wote papo hapo. Siku hizi mambo ni kinyume. Kinachomwagika kinaweza kuwa kimetoka ng'ambo na kinakwenda mbali zaidi, na mwananchi anayekikuta shambani mwake hajui amwendee nani.

Muhula mmoja nilikuwa nikifundisha mnyambuliko wa vitenzi katika mwaka wa pili wa chuo kikuu. Niliwaomba wanafunzi watunge sentensi zenye kauli ya kutendeka. Wakanipa zile za kila mwaka: kikombe kimevunjika, nguo imechanika, barabara inapitika. Kisha msichana mmoja kutoka upande wa Kibwezi, kaunti ya Makueni, akasoma yake: "Mto wetu uliharibika." Nikamsifu, kwa kuwa sarufi yake ilikuwa sahihi. Kijana aliyeketi nyuma yake akauliza, "Uliharibika au uliharibiwa, Mwalimu?" Darasa likaangua kicheko. Msichana yule hakucheka. Akajibu kwa sauti ya chini, "Redioni walisema mafuta yalivuja tu."

Msomaji mpendwa, nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na sikumbuki mfano wowote wa darasani ulionifuata hadi nyumbani kama huo. Mto aliokuwa akiuzungumzia ni Thange.

Habari zenyewe zinajulikana. Bomba la kwanza la kusafirisha mafuta yaliyosafishwa kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Linapita katika Makueni, kaunti ambayo wengi huijua kwa maembe na machungwa yake. Mnamo Mei 2015, bomba hilo likiwa na umri wa miaka 37, iligunduliwa kwamba mafuta yalikuwa yamevuja na kuingia katika udongo na maji ya bonde la Thange. Watu waliokunywa maji ya mto huo, waliomwagilia mboga kwayo na kuwanyweshea mifugo, walijikuta hawana maji. Miaka kumi baadaye, Julai 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliiamuru kampuni ya Kenya Pipeline kuwalipa wakazi zaidi ya 3,000 fidia ya takriban shilingi bilioni 3.8. Sitaingia katika mabishano ya kisheria. Hayo yana wenyewe. Jambo linalonishughulisha ni hiyo miaka kumi. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka mafuta yalipoonekana alikuwa katika shule ya upili hukumu ilipotolewa.

Je, lugha inahusika vipi? Naomba subira, niwarejeshe darasani kidogo.

Kiswahili kina kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, na tofauti baina yake si ndogo. Ukisema "mto uliharibiwa", msikilizaji ana haki ya kuuliza "na nani?", na sarufi imekwisha kumwekea mtenda nafasi ya kuketi. Ukisema "mto uliharibika", nafasi hiyo imeondolewa. Hali imetokea na hakuna aliyeitenda. Kitenzi "kuvuja" kinakwenda mbali zaidi, kwani hakihitaji hata mnyambuliko ili kumficha mtenda. Mafuta yamevuja, paa linavuja, mtungi unavuja. Kitu chenyewe ndicho mtenda na ndicho mkosaji.

Lakini tazameni ajabu hii. Mtihani wa kitaifa ukivuja, hakuna mwalimu wala mzazi wa Kenya anayeridhika na sentensi hiyo. Siku ya pili magazeti yanauliza ni nani aliyeuvujisha. Tumeinyambua "vuja" ikawa "vujisha", tukamtafuta mtenda hadi chini ya meza, na watu wamefikishwa mahakamani. Kwa nini basi mtihani huvujishwa, na mafuta huvuja tu? Hapana shaka hakuna aliyetoboa bomba kwa makusudi. Hata hivyo, kuna aliyepaswa kulikagua na kuna aliyepaswa kuidhinisha fedha za kulibadilisha. Kutu ni kazi ya maumbile, lakini kuiacha kutu ifanye kazi yake hadi mwisho ni uamuzi wa binadamu.

Neno lenyewe "mafuta" nalo linatupumbaza. Kwa Kiswahili, kama ilivyo kwa Kikamba tunaposema "mauta", neno hilo moja huita kitu cha kukaangia, kitu cha kujipaka na kitu cha kutia kwenye gari. Mama anayeambiwa kwamba mafuta yameingia mtoni hutazama kama kuna utando unaong'aa juu ya maji. Asipouona, anateka. Kumbe petroli ina kemikali iitwayo benzini, ambayo kiasi chake huyeyuka ndani ya maji bila kubadilisha rangi, na ambayo wanasayansi wamethibitisha kwamba husababisha saratani ya damu. Maji yanaweza kuwa meupe na yakawa sumu. Onyo lililotumia neno "mafuta" pekee linaweza kuwa la kweli na lisimfae kitu anayelisikia.

Mimi nilizaliwa Kitui, ng'ambo ya pili ya Mto Athi. Utotoni tulichimba visima vya mchangani, kama wanavyofanya wengi hadi leo. Mto unapokauka juu, maji hubaki chini ya mchanga, na mchanga huyachuja na kuyakinga na jua. Ni kwa hekima hiyo hiyo kwamba mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa Kitui na Makueni: ukuta unajengwa mtoni, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanahifadhiwa ndani ya mchanga. Nyanya yangu alikuwa akinusa maji ya kila kisima kabla ya kutia kata. Sisi watoto tulimcheka. Leo naona kwamba alikuwa mkaguzi wa mazingira asiye na mshahara.

Sasa fikirini mafuta yakiingia katika nchi ya namna hiyo. Baharini, petroli iliyomwagika husambazwa na mawimbi, na sehemu kubwa yake hugeuka mvuke kwa jua na upepo. Ardhini hakuna mawimbi. Mafuta hupenya polepole katika mchanga na nyufa za mawe, yakayafikia maji ya ardhini, na yanaweza kukaa humo miaka na mikaka. Mchanga uliotuhifadhia maji unageuka kutuhifadhia sumu.

Tena yasidhaniwe kuwa mambo ya bara hukomea bara. Thange humwaga maji yake katika Athi, huo mto unaotenganisha Makueni na Kitui. Athi ukiendelea huitwa Galana, kisha Sabaki, na huingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Udongo wa Ukambani unaonekana huko kila msimu wa mvua, maji ya pwani yanapokuwa mekundu. Mvuvi wa Malindi na mkulima wa Kibwezi wamefungwa kwa uzi mmoja, ingawa hawajawahi kuonana.

Uzi huo una ncha nyingine pia. Mafuta tunayoyaagiza kutoka nchi za Ghuba hutoka kwa sehemu katika visima vilivyochimbwa chini ya sakafu ya bahari. Sisi wenyewe tumeanza kuitazama bahari yetu kwa jicho hilo. Mwaka 2012 kampuni ya Apache ilichimba kisima kiitwacho Mbawa katika maji ya Kenya, ikakuta gesi isiyotosha kwa biashara. Jirani zetu wa Tanzania waliigundua gesi ya Songo Songo, kisiwani huko Kilwa, mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 bomba limekuwa likiifikisha Dar es Salaam. Kwa hiyo swali la jinsi ya kupunguza madhara ya uchimbaji wa baharini si la Wanorwe na Wamarekani pekee. Ni letu pia, na Thange imetupa somo la mapema.

Madhara yenyewe yanafahamika. Kutoboa mwamba kunahitaji tope maalumu la kuchimbia, na tope hilo pamoja na vumbi la mawe visipodhibitiwa hufunika viumbe wa sakafu ya bahari. Pamoja na mafuta hutoka maji ya chini yenye chumvi na kemikali, ambayo yasiposafishwa huchafua bahari. Gesi isiyotakikana huchomwa hewani usiku na mchana. Ngurumo za kupima miamba huwasumbua nyangumi na samaki. Kila moja ya haya lina dawa yake: tope lisilo na sumu kali, mitambo ya kuyasafisha maji hayo au kuyarudisha chini ya mwamba, gesi kutumiwa badala ya kuchomwa, na upimaji kusitishwa nyangumi wanapokaribia. Kwenye mdomo wa kisima huwekwa vali kubwa za kukifunga endapo shinikizo litapanda ghafla. Kwa mabomba, kuna chombo cha kukagua kinachosafiri ndani ya bomba na kupima unene wa chuma, na kuna vali zinazojifunga zenyewe.

Kama ufundi upo, mbona maafa hutokea? Hapa ndipo mtu wa isimu anapothubutu kuinua mkono mbele ya wahandisi.

Usiku wa Julai 6, 1988, jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini liliteketea na watu 167 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba pampu moja ilikuwa katika matengenezo na vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa. Jambo hilo liliandikwa kwenye kibali cha kazi, lakini wafanyakazi wa zamu ya usiku hawakulijua. Wakaiwasha pampu. Mwaka 2010, katika Ghuba ya Meksiko, kisima cha jukwaa la Deepwater Horizon kilifumuka, wafanyakazi 11 wakafa, na mafuta yakabubujika baharini kwa siku 87. Kabla ya mlipuko huo palifanywa jaribio la shinikizo. Dalili za hatari zilionekana, nazo zikafasiriwa kuwa salama. Katika maafa yote mawili palikuwa na chuma kilichoshindwa. Lakini kabla ya chuma kushindwa, palikuwa na ujumbe ambao haukufika, na ujumbe ambao ulifika ukasomwa vibaya.

Kupunguza madhara ya mafuta kunaanza, basi, kwa kuhakikisha kwamba anayejua anamwambia anayehitaji kujua, kwa maneno anayoyaelewa, na kwa sentensi isiyoficha mtenda. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Sheria yetu haikulisahau jambo hili. Kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari za mazingira ziliagiza kwamba mwenye mradi atoe matangazo katika gazeti na redioni, kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Katiba ya mwaka 2010 inaitambua haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize ushirikishwaji wa umma. Mwaka 2015 kesi ya wakazi wa Bonde la Mui, kule kwetu Kitui kwenye makaa ya mawe, iliifanya Mahakama Kuu ieleze kwa kirefu maana ya kushirikisha umma. Mnamo Juni 2019, baraza la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, na miongoni mwa sababu ni kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo.

Sheria ipo, lakini hali ilivyo mashinani ni nyingine. Mwaka fulani nilihudhuria mkutano wa aina hiyo kuhusu mradi mmoja ambao sitautaja. Ripoti ilikuwa na kurasa mia kadhaa, kwa Kiingereza kinachowatoa jasho hata wenye shahada. Mkalimani alikuwa kijana mwenye bidii, lakini hakuwa ameandaliwa. Mtaalamu alisema kwa dakika kumi kuhusu hatari ya maji ya ardhini. Kijana akageuza yote kwa Kikamba: mradi utakuwa na matatizo kidogo ya maji, lakini yatashughulikiwa. Yatashughulikiwa na nani? Kauli ya kutendwa, mtenda hayupo. Mzee mmoja mbele yangu akanigeukia na kuninong'oneza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, ndivyo alivyosema?" Niliona haya. Kisha karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, tukatia sahihi, na hesabu ikawa kwamba tumeshirikishwa.

Kuna atakayesema kwamba lugha haizibi bomba. Ni kweli, na sitaki nieleweke vibaya. Bomba huzibwa na fundi. Tena bomba jipya pekee si kinga kamili: mnamo Machi 2019 mafuta yalivuja tena Makueni, safari hii Kiboko, ilhali bomba jipya la Mombasa hadi Nairobi lilikuwa limeanza kazi mwaka mmoja tu kabla. Lakini mitambo ya kupima shinikizo, hata iliyo bora, huweza kupitwa na uvujaji mdogo wa polepole. Huo hugunduliwa na pua ya mchungaji, na jicho la mvuvi anayeona samaki wakielea, na ulimi wa mama anayeonja maji. Watu hawa wako kazini saa ishirini na nne bila malipo. Wanachokosa ni mambo matatu: kujua wanachopaswa kukitafuta, kujua wa kumwambia, na kuaminiwa wanapoambia.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo. Kwanza, kila ripoti ya tathmini ya mradi wa mafuta, gesi au makaa ya mawe iwe na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, ulioandikwa na watu waliofunzwa tafsiri. Katika muhtasari huo kila ahadi iwe na mtenda na tarehe. "Bomba litakaguliwa" isikubaliwe. Iandikwe nani atalikagua, lini, na matokeo atayabandika wapi. Pili, jamii zinazoishi kando ya bomba, na wavuvi wa maeneo ya uchimbaji, wafunzwe dalili za uvujaji na wapewe nambari moja ya simu inayopokelewa mchana na usiku na mtu anayeelewa lugha yao. Tatu, vyuo vikuu vyetu visaidie kuunda istilahi. Ni aibu kwamba tuna maneno kumi ya kutaja aina za vishazi, na hatuna neno moja lililozoeleka la kumtofautishia mama wa Thange mafuta yanayoonekana na sumu isiyoonekana.

Hilo la tatu ni letu sisi walimu na wanafunzi, na halihitaji kungoja serikali. Mwalimu wa Kiswahili aliye Kibwezi, Mutomo au Mwingi anaweza kuchukua ukurasa mmoja wa tangazo la mradi wowote na kuufanya zoezi la ufahamu. Wanafunzi wapigie mstari vitenzi vyote vilivyo katika kauli ya kutendwa na kutendeka, kisha wamtafute mtenda. Asipopatikana, waandike barua rasmi ya kumwulizia. Barua rasmi si imo katika mtaala? Sijui zoezi la sarufi lenye manufaa zaidi ya hilo.

Msichana yule wa Kibwezi alirudi kwangu baada ya wiki moja na daftari lake. Alikuwa ameigeuza sentensi yake mara nne, kila mara akiongeza jambo, mpaka ikawa aya nzima: bomba lilijengwa lini, lilipita wapi, nani aliyekuwa na wajibu wa kulitunza, mto ulichafuliwa vipi, na nani waliokosa maji. Nilimwambia kwamba sasa si sentensi tena. Akanijibu, "Ndiyo, Mwalimu. Lakini sasa mtu akiisoma anajua amwendee nani."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuanze na ufa ulio karibu nasi zaidi, ulio katika namna tunavyosema.